SAINI YA MUME

Sehemu ya Tisa

Mlango ulifunguka bila hodi.

Wiki jana tulimwacha Angélique ndani ya biro ya Docteur Néhémie, kalamu mkononi, ncha imeshagusa karatasi, na mlangoni amesimama wifi yake Thérèse. Wengi mmeuliza kama alisaini. Hakusaini. Hakupata hata nafasi ya kuandika herufi ya kwanza.

"Weka iyo kalamu chini," Thérèse alisema. "Iyo mimba haiko ya ndugu yangu. Unataka kuitosha tumboni ili tusijue."

Kalamu ilimponyoka Angélique, ikaviringika mpaka ukingoni mwa meza. Docteur Néhémie akaidaka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema kwa kifupi. Angélique ni mke wa Ruphin, dereva wa treni ya mizigo inayokwenda Kabalo. Wana watoto wanne. Alipomzaa wa nne, moyo wake ulitanuka, miguu ikavimba, na kwa miezi mitatu alilala ameketi kwa kukosa pumzi. Docteur hakumficha kitu: mimba nyingine itakuzika. Sasa mimba ipo, na Jumanne hii asubuhi amekuja itolewe kabla haijammaliza.

Watu watatu tu walijua kwamba anakuja. Docteur mwenyewe, muuguzi Chancelle aliyesimama pale kando ya kabati, na Ruphin, ambaye Angélique alimweleza kila kitu kwa simu jana yake.

Basi nani amemwambia wifi?

Angélique alimtazama Chancelle. Chancelle akatazama sakafu. Aha, alijisemea, ni huyu.

"Mama, hapa ni kwa mugonjwa na munganga wake," Docteur alisema. "Tafadhali, subiri inje."

Thérèse hakusubiri nje wala hakukaa. Ni mwanamke wa miaka hamsini, katibu wa akina mama wa parokia, na amevaa kikwembe, kitenge cha parokia, kana kwamba anakwenda misa. Aliinama juu ya meza, akaisoma ile karatasi ikiwa kichwa chini miguu juu.

"Wiki kumi," alisema. "Nimesoma, Docteur. Usinifichie. Wiki kumi."

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

Nisimame kidogo hapa, maana msomaji ambaye hajakaa kambi ya reli hawezi kuelewa hatari ya vidole vile. Kambini hakuna anayehitaji kalenda ya ukutani. Honi ya treni inatosha. Mke wa dereva akitungwa mimba, majirani hawaulizi hali yake. Wanauliza honi ililia lini ikienda, na lini ikirudi. Hesabu hiyo imevunja ndoa nyingi, na hakuna aliyewahi kuikatia rufaa.

"Treni ilitoka tarehe mbili ya mwezi wa tatu," alisema Thérèse. "Ilirudi tarehe makumi mbili ya mwezi wa ine. Leo iko tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Rudisha wiki kumi. Unafika tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Treni ilisha kwenda!"

"Mama, sisi hatuhesabu vile," Chancelle alidakia. "Tunahesabu tangu damu ya mwisho. Mimba yenyewe inaingia kiisha wiki mbili."

Thérèse alimgeukia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kiisha wiki mbili? Basi tarehe kumi na saba. Merci, mwanangu. Siku iyo treni ilikuwa na wiki mbili nzima njiani."

Chancelle alitia mkono mdomoni. Alitaka kuokoa, akazamisha. Au alitaka kuzamisha tangu mwanzo? Angélique hakujua tena.

Lakini yeye alijua jambo ambalo vidole vya Thérèse havikulijua. Treni ile iliharibika njiani, Niemba. Ilikaa pale siku nyingi ikingoja chuma kutoka mbali. Na Jumamosi ya tarehe kumi na nne, jua likielekea kuzama, Ruphin aliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, ameshuka kwenye pikipiki, akimwekea kidole mdomoni. Alimwachia msaidizi wake mashine. Dereva anayeacha mashine yake njiani anafukuzwa siku hiyohiyo, hakuna kusamehewa.

"Nilikukosa, Mama Jeancy," alimwambia. Jeancy ndiye mtoto wao wa kwanza. "Lakini uape. Hata Yaya Thérèse, dada yangu mukubwa, asijue."

Angélique aliapa. Alimkaangia samaki wa mikebuka, akamwandalia ugali, na Jumapili mapema mume akaondoka. Mimba ikabaki. Siri nayo ikabaki.

Akisema, Ruphin hana kazi. Asiposema, yeye ni malaya.

Docteur Néhémie alikohoa. "Mama Thérèse, hata kama iko vile unasema, sheria inaruhusu. Mimba ikihatarisha maisha ya mama…"

"Sheria gani? Mimi ninajua mbili. Ya Mungu inasema usiue. Na ya serikali inasema mwanamuke anayetosha mimba ni miaka mitano mpaka kumi. Wewe munganga, yako njo kubwa zaidi. Ama nimedanganya?"

Hakudanganya. Kifungu hicho kipo, na Docteur alikijua kwa moyo, kama waganga wote wa nchi hii wanavyokijua. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Chancelle alifungua kabati, akatoa karatasi za fotokopi ndani ya mfuko wa plastiki. Zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa.

"Hii ilitoka kwa Journal officiel ya serikali, mwaka elfu mbili kumi na nane," alisema. "Mapatano ya Maputo, kifungu cha kumi na ine. Mimba ya kubakwa, mimba ya ndugu kwa ndugu, mimba yenye kuhatarisha mama. Inchi yetu ilikubali."

"Maputo iko upande gani wa Kongo?" Thérèse aliuliza.

Nje, kwenye baraza, wanawake wanaolinda wagonjwa wao walikuwa wameacha kumenya mihogo. Madirisha yako wazi. Mtama ulikuwa umeshamwagwa penye kuku wengi, na kabla ya saa sita kambi nzima ingekuwa imeudonoa.

"Docteur," Angélique alisema. Sauti yake ilikatika katikati, akavuta pumzi, akaanza upya. "Iyo sheria ya Maputo inaomba saini ya bwana?"

Docteur aliitazama kalamu aliyoidaka.

"Haiombi," alikiri. "Inaomba yako. Lakini karatasi ya hospitali yetu iko na mustari wa mume. Kila operesheni ya mwanamuke, mume anasaini, na shahidi mumoja wa familia. Bila ile, kukitokea neno, ndugu wanakuja kuvunja madirisha. Tulikubaliana jana Ruphin aturuhusu kwa simu, wewe usaini mahali pake."

"Kwa simu?" alisema Thérèse. "Basi tumupigie. Mbele ya wote."

Alikuwa na simu tayari mkononi. Angélique aliona jambo hilo na hakulipenda. Wifi anayeshuku ndugu yake ameibiwa huomboleza kwanza, hutukana, hulia. Huyu alikuwa ametulia sana.

Simu iliita mara moja tu. Kabalo, ambako kumpata mtu kwa simu ni bahati, leo mtandao ulishika papo hapo.

"Allô, Yaya."

Ni sauti ya Ruphin. Thérèse aliiweka simu mezani, sauti juu.

"Ruphin, uko unasikiwa na munganga. Nakuuliza neno moja. Tangu treni itoke tarehe mbili mpaka irudi, ulifika hapa Kalemie hata siku moja?"

Mahali fulani nyuma ya Ruphin chuma kiligongwa.

"Papa Jeancy," Angélique aliita. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sema kweli. Mambo imebadilika huku. Sema tu, tutajua namna ya kuishi kiisha."

Chuma kiligongwa tena. Kisha:

"Sikufika. Nitaacha mashine namna gani? Sikufika hata siku moja."

"Na karatasi ya kutosha mimba," Thérèse aliendelea, "wewe uliiruhusu?"

"Karatasi gani? Njo nasikia sasa. Kama yuko na mimba, aulizwe aliipata wapi."

Simu ikakatika.

Angélique alihisi moyo ukipiga ovyo, mara tatu haraka, mara moja polepole. Aliumia, wasomaji, na msiniambie nipambe kwa maneno mazuri. Mwanamume aliyelala naye miaka kumi na sita alikuwa amemtupa mbele ya watu kama maji ya kuoshea samaki.

Hata hivyo akamtafutia udhuru. Pengine mkuu wake alikuwa amesimama pale. Pengine aliogopa kazi. Mke mwema humpa mumewe udhuru hata wa mwisho uliobaki ghalani.

Lakini udhuru huo ulidumu kwa muda wa kumeza mate tu. Kuna neno lilikuwa halijakaa sawa.

"Yaya," aliuliza taratibu, "nani alikuambia kama niko hapa?"

"Mwenye bibi njo aliniambia. Asubuhi hii."

"Mwenye bibi ni Ruphin."

"Ni nani mwingine?"

"Naye amesema sasa hivi kama hajui karatasi. Hajui hata mimba. Alikuambia namna gani uje kuzuia kitu asichokijua?"

Docteur aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile vidole vya Thérèse havikuwa na cha kuhesabu.

"Usinizungushe," alisema hatimaye. "Biro ya polisi haiko mbali. Nitarudi na OPJ, mupelelezi wao, akukute na damu mukononi."

Akatoka, na kikwembe chake cha parokia kikapita katikati ya wamenya mihogo. Chancelle alimtazama akienda. Halafu naye akatoka mbio.

Haya, amemfuata, Angélique alifikiri. Wameanza wote wawili, wanamaliza wote wawili.

Akabaki na Docteur. Naye Docteur alikuwa ameanza kuikunja ile karatasi.

"Mama Angélique, nenda nyumbani. Mutulie. Rudi wiki ijao na familia, tuongee vizuri."

"Wiki ijao?"

"Unaona mwenyewe hali. Wakinifunga mimi, nani atabaki na wagonjwa?"

"Docteur, jana ulinipima. Uliniambia nini?"

Docteur aliendelea kukunja karatasi.

"Uliniambia damu inaongezeka kila wiki, na moyo wangu hauna nguvu ya kuisukuma. Uliniambia kila wiki ni hatari. Jana. Leo imekuwa 'wiki ijao'?"

"Mimi ni munganga, siko hakimu. Sitaki kuingia katika maneno ya nani alilala na nani."

"Basi usiingie!" Angélique alisimama. Alipaswa kushika kiti, lakini alisimama. "Andika iko ya mwingine. Andika mimi malaya, nitaweka kidole chini. Moyo wangu hauulize iyi mimba ni ya nani, Docteur. Wewe unauliza juu ya nini?"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mimi ninasali. Nilikaa na neno hili siku tisa, sikulala. Sikuja kutupa mutoto kama taka. Niko na watoto ine nyumbani, wa mwisho hajajua kufunga kifungo cha shati. Nikifa, watakuja wote hapa kulia matanga, na Yaya Thérèse njo atalia kwa nguvu zaidi. Wewe utasimama wapi siku iyo?"

Docteur Néhémie aliikunjua karatasi. Hakuisaini. Aliilaza tu mezani, akaipiga pasi kwa kiganja, huku akitazama mlango.

Mlango ulifunguka. Alikuwa Chancelle, peke yake, akihema, amekumbatia jalada kubwa la kijivu.

"Docteur, nitajibu kwa hili," alisema. "Wakitaka kunifukuza, wanifukuze. Ile sauti ya simu ninaijua. Nilikuwa zamu."

"Chancelle, usifungue iyo! Ni siri ya mugonjwa mwingine."

"Jina la mugonjwa sitalionyesha."

Alifungua katikati ya jalada, akatafuta, akatoa karatasi moja. Ilikuwa ndugu ya ile ya mezani: mistari ileile, muhuri uleule. Akaifunika sehemu ya juu kwa kiganja chake, jina la mwanamke likapotea chini ya vidole, kisha akaisogeza mbele ya Angélique.

"Soma tarehe, Mama."

Tarehe kumi na tatu, mwezi wa tatu. Ijumaa.

"Soma operesheni."

Kuzalisha kwa kupasua.

"Sasa soma mustari wa mume."

Angélique alisoma. Akasoma tena. Jina lilikuwa Ruphin Kalenga, dereva wa treni, Kalemie. Na saini ilikuwa ileile iliyo kwenye cheti chao cha ndoa, ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma.

Kwa hiyo alifika. Alifika Ijumaa, siyo Jumamosi. Hakukata njia ya vumbi kwa sababu ya kumkosa mtu. Angélique alikumbuka shati la Jumamosi ile. Mtu ametoka Niemba kwa pikipiki, na shati lake lilikuwa safi, lina alama za pasi mikononi. Aliliona. Alifurahi hata kuliona! Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji, na wakati mwingine nguo yenyewe imepigwa pasi na mwingine.

"Mutoto?" aliuliza.

"Mwanaume. Muzima."

"Mama yake ni nani?"

Chancelle alitikisa kichwa. Kiganja chake hakikuondoka. "Iyo hapana. Yeye pia alikuja hapa akituamini."

Na hapo Angélique akajua kwamba huyu msichana hakuwa adui. Alikuwa amemshuku bure asubuhi nzima. Angetaka kumwomba radhi, lakini jicho lake lilikuwa limeshashuka chini ya saini ya Ruphin, kwenye mstari wa shahidi wa familia.

Pale paliandikwa kwa herufi za mviringo, za mtu aliyezoea kuandika kumbukumbu za mikutano ya parokia: Thérèse Kalenga, dada ya mume.

Angélique aliketi.

Thérèse alikuwepo. Alimwona Ruphin hapa Kalemie tarehe kumi na tatu kwa macho yake, akasaini chini yake. Alipokuwa akihesabu kwa vidole mbele ya Docteur, alijua hesabu ile ni uongo. Alijua tangu mwanzo kwamba mimba hii ni ya ndugu yake.

Na alijua habari ya moyo. Ni yeye aliyekuwa akimbadilishia Angélique mito ya kuegemea miezi ile mitatu ya kulala ameketi. Ni yeye aliyesikia Docteur akisema, mimba nyingine itamzika.

Basi kwa nini mtu anayejua hayo yote akimbie kuizuia mimba isitolewe?

Angélique hakutaka kulijibu swali hilo. Lakini jibu lilikuja lenyewe, limevaa viatu, likakaa. Reli huandika mke mmoja tu. Nyumba ya kambi ni ya mke mmoja, dawa ni za mke mmoja. Mke hafukuzwi bila maneno, bila wazee, bila kesi. Lakini mke akifa kwa ugonjwa wake mwenyewe, watu hulia, hula, hutawanyika. Na akiona aibu akaondoka kabla ya kufa, ni hivyohivyo.

Walikuwa hawataki aaibike tu. Walikuwa wanangoja.

"Mama, unaumwa?" Chancelle alimshika mkono, akatafuta mapigo.

"Nipe kalamu."

Docteur aliitoa. Angélique aliivuta karatasi yake. Mahali palipoandikwa mume, alipiga mstari mmoja mnene, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chini yake akaandika jina lake kamili, taratibu, akabonyeza mpaka kalamu ikaacha alama mezani. Kwenye mstari wa shahidi, Chancelle akaandika lake bila kuombwa.

Ilibaki nafasi moja, ya mganga.

Docteur Néhémie alizitazama zile karatasi mbili zilizolala sambamba. Ya mwezi wa tatu, ambayo mume aliisaini na hospitali haikumuuliza neno. Na hii ya leo.

"Walinidanganya mimi pia," alisema polepole. "Hapa, mezani kwangu."

Akashika kalamu.

Barazani vishindo vya buti vilipita. Wamenya mihogo walipiga kelele, sufuria ikaanguka. Ngumi nzito ikagonga mlango mara tatu.

"Polisi! Fungueni!"

"Wako mule!" Hiyo ni sauti ya Thérèse. "Wanaua mutoto wa ndugu yangu!"

Mutoto wa ndugu yangu. Angélique aliyasikia maneno hayo, na Chancelle aliyasikia, na baraza nzima iliyasikia, ingawa msemaji mwenyewe hakujisikia.

Docteur alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kitini, kalamu juu ya karatasi, macho mlangoni. Komeo lilianza kucheza.

Angélique alimshika mkono wa koti jeupe, akamkalisha.

"Tutawafungulia, Docteur," alisema. "Lakini saini kwanza."